Daftari la Mpitakuta

3 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na jirani yako fundi cherehani bado anakusomea magazeti kwa ile sauti yake ya kutangaza misiba. Mimi mzima. Binamu muuguzi amejifungua mapacha, wasichana wote wawili, na mumewe anatembea kama mtu aliyegongwa na mlango. Wote wanakusalimu.

Nina neno, na nimelizungusha mdomoni wiki nzima. Kampuni imepata mhariri mpya. Ni kijana wa heshima, anavaa viatu visivyotoa sauti, hujui amesimama nyuma yako mpaka akohoe. Juzi aliniita, akaweka mezani toleo la mia na sabini na moja la katuni yetu ya Mpitakuta, akasema, "Nichukulie kama sijawahi kulisoma. Niambie huyu ni nani."

Nikaanza. Nikamwambia Mpitakuta mchana ni fundi funguo. Akivua miwani anapita ukuta wowote, na kila ukuta anaoupita unamlia siku moja ya kumbukumbu. Ndiyo maana kila toleo tangu la tisa linafunguka na dada yake akimsomea daftari, ili ajue jana alikuwa nani. "Na huyu mwenye kovu?" Nikasema ni adui wa toleo la arobaini aliyetubu kwenye la tisini. "Na hii saa mkononi?" Ikanibidi nirudi toleo la ishirini na mbili. Nilipomaliza, chai yake ilikuwa imefanya utando. Akasema kwa upole kabisa, "Umeona? Mtu akiokota kitabu hiki dukani, anajiona ameingia kwenye kikao cha ukoo wa watu wengine."

Mjomba, ni kweli. Wanaotununua wanazeeka, na hawaji wengine.

Basi imeamuliwa tunaanza upya, toleo la kwanza, na mimi ndiye nitakayeandika na kuchora. Lakini dada anatolewa, na daftari linatolewa. Hata ule mstari wa mtoto uliokuwa ndani yake, ambao sote nyumbani tulijua ni mimi unayenitania, "Mtoto ameng'oka jino," "Mtoto amekataa uji." Wewe ndiye uliyemzaa Mpitakuta. Nipe baraka zako, au nigombeze, lakini usininyamazie.

Mpwa wako


24 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti halijatulia, limemwambukiza mwenzake. Mapacha! Waambie wasiwavalishe nguo za kufanana, watu wataanza kuwaita kwa namba. Fundi cherehani hajambo, ila amenunua miwani ya dukani na sasa anasoma hata matangazo ya dawa za panya.

Kuanza upya sikatai. Mkono huu ungekuwa hautetemeki, ningeshaanza mwenyewe. Wale wasomaji wa zamani nawajua. Watanuna, watatukana, na watanunua kila toleo ili wapate cha kutukana. Nilipombadilishia Mpitakuta koti, kuna bwana mmoja alishona lile la zamani kwa mkono wake akaniletea ofisini, eti nimvalishe. Ni mapenzi hayo, usiyadharau, ila usikubali yakushikie kalamu. Na yule msomaji mgeni ukimpokea, usimsimulie ukoo mzima mlangoni. Mwache aone mtu mmoja ana shida moja, atauliza mengine mwenyewe.

Lakini daftari usilifunge. Dada mtoe ukipenda. Badilisha mji, badilisha maadui, mfanye Mpitakuta awe kipara, sawa. Ule mstari wa mtoto tu, uandike. Hata pembeni, hata kwa herufi za sisimizi. Yuko msomaji mmoja ambaye tangu mwanzo anafuata mstari ule peke yake.

Usiniulize ni nani.

Nakula vizuri, usihangaike. Wabusu mapacha.

Mjomba wako


19 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Huku mvua imetuchosha, nguo hazikauki. Mapacha wameanza kucheka, mmoja akicheka mwingine anamtazama kwanza kama anayehakikisha kuna sababu.

Toleo jipya limetoka mwanzoni mwa mwezi. Barua yako ilinikuta nimeshapeleka kurasa, na nisikudanganye, hata ingewahi sidhani ningeweza. Mhariri alikuwa amesimama begani kwangu. Daftari halimo, wala mstari.

Limeuzwa likaisha, mjomba. Wenye maduka wamepiga simu wakitaka jingine. Nimemwona kwa macho yangu msichana wa sare ya shule amekaa ngazini kwetu analisoma, na alipofika mwisho akarudi mwanzo. Nilitaka kumkumbatia.

Wa zamani ndiyo kilio. Yule dereva wa lori mstaafu aliyekuwa akikuletea salamu kila mwaka alikuja ofisini na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na matoleo yote, kuanzia la kwanza, amezitenganisha kurasa kwa karatasi laini. Akaliweka mapokezi. Nikamwambia mzee wangu, kwa nini? Akasema, "Nimewarudishia. Kama mnasema hayakutokea, basi hata kwangu hayakutokea." Akaondoka bila kukunja uso. Nilitamani anitukane.

Sasa sikia hili. Kwenye rundo la barua za wasomaji nimekuta moja haina stempu, haina anwani. Karani anaapa hajaipokea kwa mtu. Imeandikwa kwenye karatasi ile nene yenye mistari ya penseli, mliyokuwa mkitumia zamani kupangia maneno ya viputo vinavyotoka midomoni mwa wahusika. Inasema hivi tu: "Sijaliona daftari. Mtoto anaendeleaje?"

Niliufahamu mwandiko kabla sijamaliza kusoma. Herufi R inayopiga goti. Nikafungua sanduku la dereva, nikatoa matoleo manane ya kwanza, yale ambayo maneno yake aliyaandika marehemu mama kabla hajafariki. Nikayaweka sambamba na barua.

Mjomba, ni R ile ile.

Kuna mtu anatuchezea. Unamjua?

Mpwa wako


10 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa jua kali, fundi cherehani anashona nje chini ya turubai na kila mpita njia anampa maoni. Nimeng'oa jino la nyuma. Daktari wa meno alikuwa binti mdogo, akaniambia nisiogope babu. Nikaogopa zaidi.

Nimefurahi kitabu kimeuzwa. Ulichofanya na kile kisanduku cha picha ya ngazi, cha kivuli kinachotangulia mtu, mimi nisingeweza.

Kuhusu ile barua: usiitupe, wala usimwonyeshe mhariri wako. Wala usiijibu kwa barua. Fungua daftari. Andika mstari mmoja, mtoto yu mzima, basi. Halafu kila toleo, mstari mmoja.

Sina zaidi.

Mjomba wako


2 Julai

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Pole na jino. Mapacha wana mafua, binamu hajalala, mumewe ndiye anayelala kwa niaba ya wote.

Huwezi kuniandikia "sina zaidi." Umenilea tangu nina miaka minne, najua unavyofunga mdomo, na najua ukifunga hivyo huwa umekalia neno.

Zimekuja nyingine mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye droo ya meza yangu, na droo nilikuwa nimeifunga, ufunguo shingoni. "Nimetazama kila ukurasa. Mtoto hayumo. Amelala?" Ya pili nimeikuta leo asubuhi chini ya ukurasa niliouacha mezani ukauke. Wino wa ukurasa ulikuwa umekauka. Wa barua ulinichafua kidole. "Kama hayumo kwenye kitabu, basi nitamtafuta alipo."

Nikaenda msalani nikanawa uso, nikarudi nikakaa. Kisha, ajabu yake, nikafanya kazi vizuri kuliko siku zote.

Nimepata njia, mjomba. Sikiliza. Toleo la pili limeshatoka bila daftari, hilo halina dawa. Lakini la tatu nimeliandika upya lote. Mpitakuta anarudi nyumbani hajui jina lake, anamkuta mwanamke amekaa ngazini na daftari kuukuu. Ni yule mtoto. Amekua. Dada ameshafariki, na sasa mtoto ndiye anayesoma. Msomaji mpya anaelezwa kila kitu, kwa sababu Mpitakuta mwenyewe ni mgeni kama yeye. Wa zamani atajua ni daftari gani lile na meno ya nani yameandikwa humo. Sikufuta chochote, wala sikumfungia yeyote nje.

Mhariri alisoma akiwa amesimama, halafu akakaa. Akataka kitu kimoja tu: mahali pawe pa kweli, watu wapatambue. Basi nimechora kwangu. Mtaa wangu na duka la vioo pale kona, ngazi zenye reli iliyovunjika, ghorofa ya tatu, mlango wangu wenye namba kumi na nne na ile alama niliyoiacha nilipougonga siku naingiza kabati. Ndiyo picha ya ukurasa wa mwisho, mlango mzima.

Linaenda kiwandani kuchapwa tarehe kumi na nane, linatoka tarehe mosi Agosti. Nijibu kabla. Nani anaandika barua hizi?

Mpwa wako


20 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Gari la posta liliharibika, barua yako nimeipata leo, na nimemwomba dereva asubiri niandike. Amekaa kwa fundi cherehani anakunywa maji. Kwa hiyo salamu nitazifupisha, nisamehe.

Ukurasa wa mwisho utoe. Mwambie mhariri chochote, lakini huyo anayekuandikia usimchoree mlango. Kama wameshachapa, lipa gharama uwaambie ni makosa ya mjomba wako, mzee amechanganyikiwa.

Sasa nikuambie.

Mama yako alikuwa na homa siku tatu. Siku ya nne asubuhi alikuja mezani kwangu, akakaa kwenye kiti chake cha kuandikia, akasema, "Kaka, nipeleke hospitali, leo sijisikii vizuri." Nilikuwa ukurasa wa mwisho wa toleo la nane. Mtu wa kiwandani alikuwa anausubiri mchana. Nikamwambia, "Subiri nimalize ukurasa." Akasema haya. Akavuta karatasi yake ya mistari akaanza kuandika maneno ya kiputo, ili anisaidie niwahi. Nilikuwa nimempa mgongo. Nikasikia kalamu inakwaruza, kisha haikwaruzi. Nikafikiri anapumzika. Nikamaliza ukurasa, mpwa wangu. Nikapuliza wino. Ndipo nikageuka.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kila mtu alijua homa imemuua, na mimi nikaacha wajue hivyo.

Daftari nililianzisha toleo la tisa kwa ajili yake. Nilikuwa simwombi msamaha, sikuthubutu. Nilimpa habari zako tu, kama mtu anavyomwandikia aliyeko safari. Baada ya toleo la kumi na moja ikaja barua ya kwanza. "Nimefurahi ameanza kusema 'sitaki.'" Nikadhani mchezo wa watu, kama wewe. Nikaichana. Ya pili ikasema, "Kaka, ule ukurasa uliumaliza?"

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa kwenye kile chumba.

Miaka ishirini na saba, mpwa wangu. Sijawahi kulijibu swali lile. Badala yake nikampa wewe, mstari mmoja kila miezi miwili, na yeye akaridhika, akaacha kuuliza. Unakumbuka tulivyohama ghafla ukiwa kidato cha kwanza, ukalia kwa ajili ya rafiki zako? Nilikuwa nimeteleza nikachora geti la shule yako. Wiki ile ile bawabu akaniambia kuna mwanamke kijana anasimama pale kila alasiri. Anamtafuta mtoto wa miaka minne.

Sikuogopa kwamba atakudhuru. Mama yako hakuwahi kukupiga hata kofi. Niliogopa mkikutana atakuambia yeye, kabla sijakuambia mimi. Sasa nimekuambia. Dereva ananipigia honi.

Mjomba wako


13 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mapacha wamepona. Binamu anakusalimu.

Barua yako nimeipata tarehe tisa. Kitabu kilikuwa madukani tangu mosi.

Nimeisoma mara moja tu, nikaikunja. Siwezi kuizungumza sasa hivi. Nimeshindwa hata kukukasirikia vizuri, kwa sababu kila nikianza namwona yeye anaandika kiputo ili akusaidie uwahi. Nipe muda.

Nikupe habari za kitabu. Msichana wa sare ameniandikia ukurasa mzima, anataka kujua dada alikuwa mtu wa namna gani, na tunaweza kuyapata wapi matoleo ya zamani. Wako wengi kama yeye. Yule dereva wa lori alirudi. Alikuwa na mjukuu wake, amelishika toleo la tatu kifuani. Mzee akasema, "Nimekuja kuchukua sanduku langu. Huyu ananiuliza maswali, na mimi siwezi kujibu kwa kichwa." Nikamwomba aniachie kidogo, maana bado nayatazama matoleo yale manane. Akakubali, lakini akayahesabu kwanza.

Mhariri anatabasamu kila mahali. Viatu vyake nusura vitoe sauti.

Sasa hili jingine. Tarehe tano, mama wa ghorofa ya kwanza aliniambia kuna mdada amebisha kwake anamuulizia mtoto. Tarehe saba, yule fundi redio wa ghorofa ya pili akanisimamisha. "Kuna binti alikuwa kwangu jana mchana, mpole kweli. Anatafuta mtoto. Nikamwambia hapa hatuna mtoto, akasema ana picha ya mlango, akanionyesha kitabu chako." Nikamuuliza, amevaaje? Akasema gauni la njano, na kidole cha shahada kina wino.

Anapanda ngazi mlango kwa mlango, mjomba. Leo ghorofa yangu ndiyo iliyobaki.

Niko nyumbani. Ni saa nane mchana, dirisha liko wazi, huko chini wanapakua vioo na wanatukanana. Nimejiambia nitakuandikia mpaka nisikie


12 Septemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naiambatanisha barua ile ya Agosti, sikuwahi kuituma. Utaona ilipokatikia. Umenitumia mbili za kuniuliza kama ni mzima. Ni mzima. Mapacha wanakaa sasa, ukiwaegemeza kwenye mto.

Alibisha mara tatu, polepole, chini kabisa mlangoni, kama mtu anayebishia mtoto.

Nilifungua. Mjomba, ni mdogo. Hilo hukuniambia, au hukufikiria. Mimi nina miaka thelathini na moja, nimeshaanza kuota mvi pale juu ya paji la uso. Yeye ni binti. Alisimama na kitabu mkononi, akanitazama kwa adabu kama unavyomtazama mtu mzima usiyemfahamu, akasema, "Shikamoo dada. Samahani kwa usumbufu. Mtoto yuko?"

Mama yangu ameniamkia.

Nikasema, "Mtoto gani?" Akaonyesha kwa kiganja, urefu wa kupita magoti kidogo. "Ana miaka minne. Hapendi uji." Nikamwambia, "Ni mimi." Akatabasamu, lile tabasamu la kumsamehe mtu aliyekuelewa vibaya. "Hapana dada. Ni mdogo." Akaniuliza kama anaweza kumsubiri.

Ningesema nini? Nikamkaribisha. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, karibu na dirisha. Nikamwekea chai, hakuigusa. Alikuwa anautazama mlango wa chumbani, na kila watoto wakipiga kelele mtaani alikuwa anainua kichwa. Hofu yangu iliisha pale. Nikaona aibu kuwa niliogopa.

Alipoondoka saa kumi na mbili jioni nilitoa kikombe. Kilikuwa kinafuka mvuke vile vile.

Akarudi kesho yake saa tisa alasiri. "Amerudi?" Siku ya tatu nikaona hii haiendi. Alikuwa amezisoma habari zangu zote, matoleo mia moja na sabini na moja, anajua siku niliyovunja mkono na jina la mwalimu niliyemchukia. Lakini moyo wake ulibaki kwenye lile la tisa. Yote yaliyofuata kwake yalikuwa maneno, hayakuwa na mtu ndani. Mstari mmoja kila miezi miwili, mjomba, hauwezi kumkuza mtoto.

Nikavuta sanduku la dereva. Nikamwambia, "Wakati tunamsubiri, nikusomee?" Akasema, "Nayajua yote." Nikamwambia, "Nichukulie kama huyajui."

Tukaanza. Nilimsomea mstari, halafu nikafunga kitabu nikamwambia kilichobaki nje ya mstari. "Mtoto ameng'oka jino." Nikamweleza nililificha kwenye kiatu chako na ukalikanyaga ukaruka kama mbuzi. Akacheka! Ana kicheko cha puani, hukuwahi kuniambia kwamba nimekitoa kwake. "Mtoto amefaulu mtihani." Nikamwambia nilinakili majibu matatu. "Mtoto ana huzuni." Nikamwambia ni tulipohama, na kwamba nilikukasirikia mwaka mzima.

Siku tisa. Kila tukisogea, alikuwa anaacha kidogo kuutazama mlango wa chumbani na kunitazama mimi. Nilipofika miaka kumi na nane, alinyoosha mkono akaugusa mguu wangu kwenye lile kovu la baiskeli, akalitafuta na kulipata bila kuuliza liko wapi. Siku tuliyofika miaka ishirini na sita, niliweka kitabu chini, tukatazamana. Tulikuwa sawa. Kisha nikaendelea, nikampita.

Siku ya mwisho tukasoma toleo la tatu, lile jipya. Alipofika kwenye ukurasa wa mlango, akatazama picha, akatazama mlango wangu, akanitazama. Akaushika uso wangu kwa mikono yote miwili. Ni ya baridi, lakini si baridi ya kutisha. Ni kama ya mtu aliyetoka kufua.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Kumbe umekua hivi."

Nililia kwa sauti kama wale mapacha.

Aliponyanyuka kuondoka alisimama kizingitini. Nilijua anachotaka kuuliza kabla hajafungua mdomo. Akasema, "Na kaka yangu? Anakaa wapi siku hizi?"

Nikamwambia simjibii mtu mwingine, nitakuuliza wewe kwanza. Akatikisa kichwa kukubali. Akasema mimi niendelee na kazi, hatanisumbua tena, atasoma tu kama wengine. Akashuka ngazi. Niliinama kwenye reli nikamfuata kwa macho mpaka ghorofa ya pili, na kutoka pale sikusikia hatua.

Toleo la nne linaenda kiwandani tarehe kumi na tano ya mwezi ujao. Ukurasa wa mwisho nimeuacha mtupu. Sikulazimishi, mjomba. Ukisema hapana nitachora mawingu.

Na kuhusu lile ulilonificha: limeniuma, bado linaniuma. Lakini siku tisa nimekaa naye, hakuulizia ukurasa hata mara moja.

Mpwa wako


30 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako amenisomea fundi cherehani, kwa sababu macho yalinikataa baada ya ukurasa wa kwanza. Alianza na ile sauti yake ya misiba. Alipofika kwenye kicheko cha puani akashindwa, akaenda kusimama nje, na mimi nikamalizia kwa shida. Hajaniuliza chochote. Amenifagilia chumba bila kuambiwa.

Wabusu mapacha. Ukiona mmoja anachelewa kutembea usimfananishe na mwenzake.

Andika kama ninavyokuambia, uchore mlango wangu ulivyo, usiupambe.

Ukishuka kwenye gari, fuata barabara ya kiwanda cha mbao. Kuna kelele za misumeno mpaka saa kumi, na vumbi la mbao linalala njiani kama unga, nyayo zinaonekana. Baada ya kiwanda hesabu milango mitatu mkono wa kushoto. Wa kwanza ni wa fundi cherehani, ana turubai la bluu. Wa tatu ni wangu. Ni wa kijani uliobabuka, chini mbao zimeoza kidogo. Kitasa kimelegea, usikichore kimenyooka. Mlango umevimba, unabana, kwa hiyo asibishe akangoja. Asukume kwa bega.

Meza nimeisogeza, sasa inatazama mlango.

Mjomba wako